Kabla ya Turbo, Itafutieni Njia ya Joto

Hotuba kwa vijana wanaojifunza ufundi wa magari, Mwanakwerekwe, Unguja

Assalaam alaykum wanangu. Nakushukuruni kwa kunialika, na namshukuru maalim wenu kwa kukubali gari iingizwe mpaka hapa uwanjani, kwa sababu bila ya gari yenyewe maneno yangu yangekuwa nusu.

Mmeiona ilivyoingia. Datsun 240Z ya mwaka 1972, milango miwili, boneti ndefu kama omo ya jahazi. Wazee waliokaa mbele hawahitaji kuambiwa ni gari gani. Mwaka 1971 Edgar Herrmann alishinda Safari Rally kwa gari ya aina hii, na mwaka 1973 Shekhar Mehta, kijana wa Afrika Mashariki, akaishinda nayo tena. Magari yale hayakuwa na turbo, ile mashine ya kusukuma hewa zaidi kuingia injini. Safari ilikuja kutawaliwa na gari ya turbo mwaka 1984, pale Toyota Celica iliposhinda, ikarudia 1985 na 1986. Mwenye gari hii aliyafuata mashindano hayo redioni akiwa mtoto, na sasa anataka gari yake ifungwe turbo. Anataka mbili. Yupo hapa, amekaa karibu na mlango, na mimi na yeye tumeshalijadili jambo hili mara nyingi kwa mapenzi na heshima. Nitafika huko.

Kwanza nataka kijana mmoja anisaidie. Njoo mwanangu, shika hichi kipima joto cha mwanga. Gari imezimwa sasa hivi, imetoka Kikwajuni kwa mwendo wa kawaida, ikasimama Darajani kwenye msongamano, ikaja mpaka hapa. Kwenye bakuli la kabureta ya mbele, panapokaa petroli kabla ya kuchanganywa na hewa, nimepaka doa la rangi nyeusi. Doa lina sababu yake: chuma kinachong'aa hukidanganya kipimo hichi, kinasoma chini ya joto la kweli. Elekeza kwenye doa, usome kwa sauti. Arubaini na sita. Ahsante. Kaa hapo hapo karibu na gari, nitakuomba usome tena.

Jambo lililonileta ni hili. Kufunga turbo kwenye gari kongwe ya petroli ni kazi ya kuliongoza joto. Mabomba, bolti na msukumo wa hewa mtavijua kwa wiki chache, vijana wenye mikono kama nyinyi. Lakini gari nyingi nilizoziona zimefungwa turbo hapa kwetu hazikufa kwa kukosa nguvu. Zilikufa kwa kupikwa kidogo kidogo: leo waya umeyeyuka, kesho gasketi imepasuka, mwezi ujao mpira wa petroli umekuwa mgumu kama kuni. Mwenye gari anasema turbo ni mbaya. Turbo haina kosa. Fundi aliingiza moto ndani ya chumba bila kuufungulia mlango wa kutokea.

Petroli unayoitia tangini, ukiigawa kwa makisio ya fundi, theluthi moja inasukuma gari, theluthi inachukuliwa na maji ya rejeta, na theluthi inatoka na moshi. Mswisi mmoja, Alfred Büchi, aliitazama theluthi hiyo ya mwisho akaona ni mali inayotupwa, na mwaka 1905 akasajili uvumbuzi wa kuutumia moshi kuzungusha gurudumu, nalo gurudumu lisukume hewa kuingia injini. Hiyo ndiyo turbo. Linalozunguka ndani yake linapita mizunguko laki moja kwa dakika, na upande mmoja wa mhimili wake umekaa ndani ya moto.

Sasa sikilizeni hapa, kwa sababu hapa ndipo mafundi wazuri wanapoteleza. Wengi wenu mtakuwa mmeshika turbo za Fuso au za Land Cruiser. Mmezizoea, hamziogopi. Lakini zile ni dizeli. Moshi wa dizeli ikiwa na mzigo mzito ni kama nyuzi 700. Moshi wa petroli kwenye turbo inayofanya kazi kwa nguvu unafika nyuzi 900 na kupita. Mtu atasema, basi, tofauti ya nyuzi 200 tu. Aluminiamu inayeyuka kwa 660, kwa hiyo zote mbili zinaiyeyusha. Lakini tazameni jambo jengine. Joto linalotoka kwenye chuma kwa mionzi halipandi kwa hatua sawasawa. Ukihesabu kuanzia baridi ya mwisho kabisa, nyuzi 273 chini ya sifuri, mionzi inapanda kwa kipeo cha nne. Fanyeni hesabu: kutoka 700 mpaka 900 mionzi inakuwa zaidi ya mara mbili. Manifoldi ile ile, yaani bomba linalokusanya moshi wa silinda zote, mahali pale pale, inaviunguza vilivyo jirani yake mara mbili. Ndiyo maana turbo nyingi za dizeli, zikichukuliwa dampo zikafungwa kwenye petroli, nyumba ya turbini, kasha la lile gurudumu linalozungushwa na moshi, inapasuka. Chuma chake cha kusubu hakikutengenezewa moto huo. Ukinunua turbo, uliza kwanza ilitoka kwenye injini gani, halafu ndiyo uulize bei.

Sote tumekulia na seredani jikoni. Ukikaa mbele ya seredani ya mkaa uliokolea, uso unaungua hata kama upepo unatoka nyuma yako. Hiyo ni mionzi, haihitaji hewa kuibeba. Ukipitisha mkono juu yake, hewa ya moto inayopanda ndiyo inayokuunguza. Na ukiisahau koleo ndani ya makaa, mpini nao utakuunguza, kwa sababu joto limetembea ndani ya chuma. Njia tatu, na kila moja ina dawa yake. Mionzi unaikinga kwa bati. Hewa ya moto unaipa pa kutokea. Joto linalotembea ndani ya chuma unalikatia daraja, kwa kipande cha kitu kisichopitisha. Nimeona fundi amefunga bati zuri kabisa la kukinga kabureta, kisha akalikaza moja kwa moja kwenye bolti za manifoldi. Bati lenyewe likawa seredani ya pili.

Kijana, soma. Hamsini na tano. Mmesikia? Gari imezimwa, na kabureta inazidi kupata moto.

Fungueni macho kwenye injini hii. Inaitwa L24, silinda sita kwenye mstari mmoja, lita 2.4. Hewa inaingia na moshi unatoka upande mmoja. Injini nyingi za leo hewa inaingia huku na moshi unatokea kule, silinda hedi iko katikati. Hapa kabureta mbili zimekaa juu ya manifoldi ya moshi, kama sufuria juu ya jiko. Kiwanda chenyewe kilijua. Ndiyo maana mnaliona bati la asili chini ya kabureta. Sehemu nyepesi za petroli zinaanza kuchemka hata kabla ya nyuzi 40. Gari inapotembea, petroli mpya inapita na hewa inapuliza, kwa hiyo hakuna tatizo. Ukiizima, pangaboi inasimama, maji yanasimama, lakini chuma cha manifoldi bado kina moto wake na moto unapanda juu. Petroli inachemka ndani ya bakuli. Mtu anatoka kununua samaki wake Darajani, dakika kumi tu, anarudi, gari haiwaki.

Hiyo ni bila turbo. Nimeileta gari ikiwa bado ya asili ili mlione hilo kwa macho yenu.

Na hapa visiwani shida yetu ina sura yake. Wenzetu wa nchi zenye barabara ndefu wanaogopa mwendo wa kasi wa saa nzima. Unguja yote ina urefu wa kilomita 85 hivi. Sisi tunakwenda kidogo, tunasimama, tunazima, tunawasha tena, na wakati wa kaskazi hewa yenyewe inaingia kwenye rejeta ikiwa na nyuzi 32. Joto linalotuua ni la gari iliyosimama. Kwa hiyo msichukue mpango wa mtu wa Ulaya mkaufunga hapa kama ulivyo. Feni ya umeme inayoendelea kuzunguka dakika kadhaa baada ya injini kuzimwa ina faida kwetu kuliko tundu lolote la kuchukulia hewa mbele.

Kuhusu matundu, kuna jambo nimechoka kuliona. Vijana wanaweka washa, vile vipete vya chuma vya bolti, chini ya bawaba ili boneti inyanyuke upande wa kioo, wakiamini joto litatokea hapo. Gari ikisimama, kweli, linatoka. Gari ikitembea, hewa inajibana mbele ya kioo, msukumo wa hapo ni mkubwa, na hewa inasukumwa kuingia ndani. Umefungua mlango wa kuingilia ukidhani ni wa kutokea. Mahali pa kutoboa ni juu ya boneti nyuma kidogo ya rejeta, ambapo hewa ya nje inapita kwa kasi na inanyonya. Bandika nyuzi ndogo za sufi kwa utepe, mwenzako aendeshe, wewe utazame zinaelekea wapi. Haigharimu chochote.

Sasa chumvi. Hili sitalipita haraka.

Miaka ya nyuma nilifunga turbo kwenye gari moja ya petroli, kongwe pia. Manifoldi nilichomelea mwenyewe kwa mabomba ya chuma cha kawaida, na nikaona fahari kuizungushia ule utepe wa nyuzi za kioo unaofungwa kwenye ekzosi. Kazi yake naijua na ni nzuri: unalibakisha joto ndani ya moshi, moshi unafika kwenye turbini ukiwa na nguvu, na chumba cha injini kinapoa. Gari ilikwenda vizuri. Ikapita masika. Mwenye gari alikuwa anakaa pwani, anaegesha mahali ambapo upepo wa kusi unaleta rasharasha ya bahari. Siku moja akaniletea, inapiga kelele kama mashine ya kusaga. Nilipoufungua utepe, bomba lilibaki mkononi mwangu vipande vipande, kama maganda. Utepe ulikuwa unakunywa maji ya chumvi usiku, na mchana unayapika juu ya chuma kilichokuwa moto kuliko ambavyo kingekuwa kingeachwa wazi. Lile lilikuwa kosa langu, na yule bwana nilimtengenezea upya bila kumchukulia kitu.

Tangu siku hiyo msimamo wangu kwa visiwa hivi ni huu: chuma cha kawaida usikifunge utepe. Kama unataka kulibakisha joto ndani, paka bomba rangi ya kauri inayochomwa, ndani na nje ukiweza, au ivishe turbini blangeti lake linalovuliwa, na ulivue ukague. Bomba likiwa la stenlesi utepe unavumilika, ila usiusahau. Na neno moja zito: kamba na karatasi nyeupe za zamani za asbesto, ambazo bado zimelala kwenye makarakana ya wazee wetu, msizitumie na msizikate. Vumbi lake linaingia mapafuni na linaleta saratani miaka mingi baadaye. Mkiziona, mwambieni maalim. Na utepe wa nyuzi za kioo ushikeni kwa glavu na mfunike pua.

Stenlesi nayo ina tabia yake. Inatanuka kuliko chuma cha kawaida. Chukua bomba la nusu mita, lipandishe nyuzi 800, linarefuka karibu milimita 7. Manifoldi ya silinda sita imefungwa silinda hedi kwa bolti huku na kule. Zile milimita zitakwenda wapi? Zitakwenda kwenye ulipochomelea. Ndiyo maana manifoldi nzuri inakatwa vipande viwili vinavyoteleza kimoja ndani ya chenziwe, au matundu ya bolti za pembeni yanapanuliwa kidogo, na bomba la kushuka linawekewa kiungo chenye mikunjo kinachocheza. Na uzito wa turbo ubebwe na mkono wake wa chuma, usining'inie kwenye manifoldi iliyo nyekundu.

Kijana. Sitini na moja. Bado inapanda.

Bati la kukinga, kwa ufupi: liwe linang'aa, liwe mbili zenye nafasi ya hewa kati yake ya sentimita moja au zaidi, na hewa iweze kuingia chini na kutokea juu. Karibu na turbini tumia stenlesi. Aluminiamu ikae mbali. Kila mpira, kila waya, kila paipu ya petroli, jiulize: kinaiona turbini? Kama kinaiona kwa mstari ulionyooka, mionzi nayo inakiona. Usukani wetu uko kulia, kwa hiyo kwenye gari hii silinda kuu ya breki imekaa upande wa pili wa injini. Wamarekani wenye Datsun kama hii, breki yao iko jirani na ekzosi. Tuna nafuu, lakini mafuta ya breki yanavuta unyevu wa hewa, na hewa yetu haikosi unyevu. Ya DOT 3 yakiwa mapya yanachemka kwa nyuzi 205. Yakishanyonya maji, karibu 140. Gari ikiwekwa turbo, tia DOT 4 mpya.

Oili. Oili inalainisha beringi za turbo na inazipoza. Ukiizima injini ghafla baada ya kuikimbiza, oili inasimama ndani ya beringi, moto wa turbini unatembea kwenye mhimili mpaka pale, na oili inaungua ikawa masizi magumu. Mara mia moja ya hivyo, njia ya oili imeziba. Kwa hiyo mtu apunguze mwendo dakika ya mwisho kabla ya kufika, aiache iungurume dakika moja au mbili. Na chagueni turbo yenye njia ya maji katikati. Mabomba yake ya maji yapandishwe kidogo kidogo kutoka kwenye turbo kwenda juu, yasiwe na bonde popote. Yakikaa hivyo, injini ikizimwa maji ya moto yanapanda yenyewe na ya baridi yanashuka, bila ya pampu. Ukiacha bonde au mwinuko wa kushika hewa, mvuke unafunga njia. Paipu ya kurudisha oili iwe nene na ishuke moja kwa moja mpaka kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini, iingie juu ya usawa wa oili.

Nimewahi kuuona moto. Paipu ya kupeleka oili ilisugua kwenye bati, ikatoboka tundu la sindano, oili ikapiga nyumba ya turbini. Tulikuwa njiani kuelekea Bububu. Alhamdulillahi mtungi wa unga wa kuzimia moto ulikuwa chini ya kiti. Hatukufungua boneti wazi. Tuliifungua upana wa vidole vinne tukapuliza unga hapo, kwa sababu boneti ukiifungua yote unaupa moto hewa. Nilimwona mwenye gari analia barabarani, na yeye ni mtu mzima. Tangu hapo gari ya turbo haitoki kwangu bila mtungi, na paipu ya oili ni ile ya kusukwa kwa nyuzi za chuma, imeshikwa kwa klipu kila mahali.

Na yote hayo hayatoshi kama injini yenyewe inatengeneza joto la ziada. Cheche ikichelewa sana, petroli inamalizia kuwaka ndani ya manifoldi. Mtu anaogopa mlio wa kugonga, anachelewesha cheche, anafurahi kelele imekwisha. Kumbe ameuhamisha moto tu, sasa uko kwenye valvu na turbini. Mchanganyiko ukiwa mkavu, petroli kidogo, ndiyo hatari zaidi. Chomekeni kipima joto cha waya kwenye manifoldi, karibu na silinda, muwe na namba. Rangi ya plagi peke yake haitoshi kwa turbo.

Hewa inayosukumwa nayo inapata moto. Hewa ya nyuzi 32 ukiibana nusu ya ziada, inatoka kwenye turbo ikiwa na nyuzi 85 hivi. Rejeta ya hewa mbele ya gari ni lazima. Sina zaidi ya kusema hapo.

Sasa narudi kwa mwenye gari, mzee wangu wa Kikwajuni. Anataka turbo mbili kwa sababu silinda sita zinagawika tatu tatu vizuri, na kwa macho inapendeza. Naelewa. Lakini mahali penyewe ndipo hapa, upande mmoja, chini ya njia ya hewa. Turbo mbili ni nyumba mbili za moto, paipu mbili za oili za kurudi, mabomba mawili ya kushuka, yote kwenye nafasi ambayo mkono wangu unaingia kwa shida. Nissan wenyewe, wenye jina la Datsun, mwaka 1981, walipoitia turbo injini ya ukoo huu huu wa L kwenye 280ZX, ya lita 2.8, walitia moja. Wakashusha mbano wa hewa ndani ya silinda mpaka 7.4 kwa 1, na injini ile ilikuwa tayari na sindano za petroli badala ya kabureta, wakapata nguvu za farasi 180. L24 ya gari hii ilitoka kiwandani na farasi 151 kwa kipimo cha Wamarekani cha wakati ule. Mimi napendekeza njia yao: turbo moja yenye maji, sindano badala ya kabureta, na petroli inayozunguka kwa msukumo na kurudi tangini, isikae ikachemka. Manifoldi ya stenlesi, bati mbili, feni inayobaki ikizunguka. Mzee, ukisema mbili nitafunga mbili, gari ni yako. Ila nitakuomba unipe mwezi mzima wa kutafuta njia ya moto wa ile ya pili.

Kijana wetu, soma mara ya mwisho. Sitini na tatu. Ni zaidi ya nusu saa tangu tuizime. Njooni watatu watatu, simameni upande huu wa kushoto, mnyooshe viganja juu ya manifoldi bila kugusa. Kisha zungukeni upande wa kulia mfanye vile vile, mniambie mmesikia nini.